Mgeni wa Mwaka ni Mgeni wa Nani?

Kila mwezi wa Julai unapoelekea ukingoni, njia itokayo Mjini kwenda Makunduchi hujaa magari. Humo mna watu wa shamba warejeao kwao, mna vijana wa mjini waendao kutazama, na mna magari ya watalii, kila gari na mtembezaji wake. Wote safari yao moja: Mwaka Kogwa. Nasi pia tumekwenda mara nyingi, kwani mfanya biashara hufuata penye watu, na kanga nyingi huuzwa katika siku zile. Lakini leo hatutaki kusema habari za biashara yetu. Twataka kuwauliza wasomaji wetu watukufu suala moja, nao walipime kwa mizani ya haki: huyu mgeni aendaye Makunduchi siku ya Mwaka, ni mgeni wa nani?

Kwa wanachama wenzetu wa Pemba, na wale wa kaskazini ya Unguja ambao hawajapata kufika, ni wajibu tueleze kwanza mambo yalivyo. Mwaka Kogwa ndiyo Nairuzi, yaani siku ya kwanza ya mwaka wa jua, hesabu ambayo asili yake ni Uajemi nayo ikafika pwani yetu zamani kwa njia ya bahari. Mwaka huo ni siku 365 kamili. Hugawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, na siku tano zinazosalia husimama peke yake. Kwa hesabu hiyo wazee wetu walijua wakati wa kuchoma shamba na wakati wa kupanda, na manahodha walijua wakati wa kutweka tanga na wakati wa kufunga bahari. Na kwa kuwa hesabu hii haina siku ya nyongeza kama ilivyo kalenda ya Kizungu, siku ya Mwaka hurudi nyuma siku moja katika kila miaka minne. Kwa hiyo mtu asidhani kuwa ni jambo la wajinga. Ni ilimu iliyowaongoza watu kondeni na baharini kabla hapajakuwa na kalenda ya kutundikwa ukutani.

Siku hiyo wanaume wa upande wa kaskazini ya Makunduchi na wa upande wa kusini hukutana uwanjani, wakapigana kwa mashina ya migomba. Maana yake si uadui, bali ni kinyume cha uadui. Aliyekuwa na kinyongo na nduguye tangu mwaka uliopita hukitoa pale mbele ya watu, na wakishaachana hapana tena ruhusa ya kuweka jambo moyoni. Kisha kibanda cha makuti kilichojengwa kwa ajili ya siku hiyo hutiwa moto na mwenye dhamana ya mila, na wazee hutazama moshi waelekea wapi. Wanawake huwa wamevaa kanga mpya, nao huimba nyimbo zao za mafumbo na za kutupiana maneno, na yasemwayo siku hiyo hayashitakiwi. Baadaye ni kula na kunywa na ngoma kwa muda wa siku kadha.

Na iko kanuni nyingine katika Mwaka, ambayo kwetu sisi ndiyo kiini cha maneno yetu ya leo. Nyumba isiyopata mgeni siku ile huhesabiwa kuwa ina mkosi. Basi kila nyumba hutafuta mgeni wake, ikampikia, ikamkirimu, akala pamoja na watoto wa nyumba ile. Mgeni, basi, hakuongezwa juu ya mila hii na watu wa hoteli. Mgeni ni nguzo moja katika nguzo zake.

Sasa tutazame mgeni wa leo yukoje. Mtalii hutoka hotelini asubuhi. Safari yake amekwisha kuilipia huko huko, pengine aliilipia kwao Ulaya kabla hajapanda ndege, pamoja na kitanda na chakula. Hufika uwanjani, akasimama mbele, akapiga picha za watu wapiganao, za moto, na za wanawake. Saa mbili haziishi ila anaitwa garini, kwani chakula cha mchana kinamngoja hotelini. Hakuingia nyumba yo yote. Hakuujua hata mlango mmoja wa Makunduchi. Maji aliyokunywa alikuja nayo. Aliyefaidika naye kijijini ni muuza madafu, na kijana aliyemwonyesha mahali pa kuegesha gari. Je, nyumba ile iliyopika ikamngoja mgeni wa Mwaka, imempata mgeni au imepata mtazamaji?

Mwaka mmoja katika miaka hii tulisimama karibu na mtembezaji mmoja, jina lake na la kampuni yake hatuna haja nayo. Wageni wake walichelewa njiani, wakakuta kibanda kimekwisha kuungua. Yule kijana alimwendea mzee mmoja, akamwomba kwa adabu, hatumsingizii, kuwa vijana wapigane tena kidogo, na makuti machache yatiwe moto, wageni wapate picha zao, naye atatoa chochote. Mzee alimtazama, akamwambia: "Mwanangu, mwaka umekwisha koga. Utaukogesha mara ngapi?" Watu walicheka, na yule kijana naye akacheka. Lakini sisi hatukuweza kucheka sana, kwa sababu tuliona vijana wawili watatu waliokuwa karibu wamekwisha okota magomba yao, tayari kwa kupigana.

Wananchi, hapo ndipo penye hatari, nayo si hatari ya maneno. Apiganaye ili atoe kinyongo, akimaliza huwa amepoa. Apiganaye ili apigwe picha hana kinyongo cha kutoa, na kile alicho nacho kwa jirani yake hubaki pale pale kikimla. Ugomvi wa kuigiza hausuluhishi ugomvi wa kweli. Kijiji kikigeuka kuwa jukwaa, watu wake watapoteza chombo walichokitumia kupatana, nao watabaki na mchezo. Na siku mtalii atakapouchoka mchezo huo, akahamia kisiwa kingine kilicho na mchezo mpya, hapatakuwa na mchezo wala mapatano.

Hatuyasemi haya kwa kuuchukia utalii. Ni mtu asiye na hesabu tu awezaye kusema kuwa visiwa hivi viufunge mlango huo leo. Tulikuwa tukiishi kwa karafuu. Bei yake ilipoanguka katika miaka ya 1980, baada ya Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, kuanza kujitosheleza kwa karafuu zake, tuliona wenyewe madukani mwetu namna fedha ilivyokauka mikononi mwa watu. Katika miaka ile wageni waliofika kwa mwaka hawakuwa 50,000. Mwaka 2024 walipindukia 700,000. Sisi wenyewe, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, ni 1,889,773. Basi ni kama kusema kwamba kwa kila wenyeji watano, hutujia wageni wapatao wawili kila mwaka. Serikali yenyewe imekuwa ikisema kuwa zaidi ya robo ya pato la nchi latokana na utalii. Jambo kubwa namna hii halifukuzwi kwa fimbo wala halipokelewi kwa kufumba macho. Hutazamwa kama mwenye duka atazamavyo daftari lake: kilichoingia, kilichotoka, na nani anadai.

Na sisi tulio nyuma ya kaunta twajua kanuni moja ya biashara ambayo haihitaji chuo kikuu. Mwenye mali ndiye apangaye bei, na akitaka, ndiye asemaye kuwa mali hii haiuzwi. Watu wa Makunduchi ndio wenye mali. Picha za Mwaka wao hutiwa katika matangazo ya kuwaita watalii, jina la mji wao huandikwa katika orodha za safari, na bei hupangwa ofisini, mbali na uwanja wa Mwaka. Je, ni duka gani hili ambalo mwenye mali yake hana kauli juu ya bei, na jioni huachiwa kufagia?

Ama mambo ya viti nayo tusiyanyamazie. Siku hizi Mwaka una wakubwa wake. Huwekwa mapazia na viti, na hotuba husomwa. Hatusemi kuwa mkubwa asialikwe, kwani naye ni mtu, na Makunduchi haimfukuzi mtu. Lakini siku hii iliwekwa na wazee kwa hesabu ya mwongo, na haifai kumngoja mgeni rasmi. Mkubwa akija, na aje kama mgeni wa nyumba, ale walacho watu, asikie nyimbo za akina mama hata zikimchoma. Huenda hotuba iliyo bora kabisa siku ile ikawa ile atakayoisikiliza yeye, wala si ile atakayoisoma.

Kabla ya kuwanyoshea watu wa shamba kidole, tujitazame sisi wa Mjini. Mji Mkongwe uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000. Watu walifurahi, na ilikuwa haki wafurahi. Lakini kilichoandikwa si mawe na chokaa tu. Ni mji ulio na watu ndani yake: baraza ambapo wazee huketi baada ya Alasiri, mlango wa nakshi ambao nyuma yake mna mama apikaye, chuo cha Kurani ambacho sauti za watoto wake hufika hadi barabarani. Leo nyumba baada ya nyumba imegeuka kuwa hoteli au duka la vinyago. Aliyekuwa mpangaji hahimili tena kodi, akahamia Ng'ambo au mbali zaidi. Baraza ipo, lakini waliokuwa wakiikalia wametawanyika, na mgeni hupiga picha ya mlango uliofungwa. Nayo Beit al-Ajaib, ambayo picha yake haikukosekana katika tangazo lo lote la kuita wageni, upande wake uliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili wakafa chini ya kifusi. Jumba lile lilionyeshwa kwa dunia miaka mingi kuliko lilivyotengenezwa. Mwenye akili na achukue funzo hapo: kinachoonyeshwa bila ya kutunzwa, mwisho wake ni kuanguka, na humwangukia aliye karibu.

Wapo watakaotuambia kwamba hivyo ndivyo ulimwengu ulivyo, na kwamba mila haina budi ima kufa ima kuuzwa. Hatukubaliani nao, na ushahidi wetu si wa mbali. Tazameni Lamu. Maulidi ya Lamu yaliyosimamishwa na Habib Swaleh katika msikiti wa Riyadha huvuta watu kutoka pwani yote na kutoka nchi za nje, na watalii nao huja. Lakini Maulidi yale yana mwenyewe, nao ni msikiti na watu wake. Tarehe hufuata mwezi wa Mfunguo Sita, haifuati msimu wa hoteli. Qasida husomwa kwa sababu ya Mtume, ajapokuwapo mtalii mmoja au asiwepo kabisa. Mgeni hulikuta jambo likiendelea, akakaa kwa adabu pembezoni, akaondoka na heshima moyoni. Wala Lamu haikupata hasara kwa hivyo, kwani wageni hulala katika mji, hula katika mji, na hununua katika mji.

Au tazameni Pemba, ndugu zetu wa Pemba watatushuhudia. Mchezo wa ng'ombe, ambao husemwa ulirithiwa kwa Wareno, umechezwa vijijini miaka na miaka pasi na watalii wa kuusubiri. Watu huucheza kwa furaha yao, wanawake wakiimba, vijana wakijionyesha ushujaa wao mbele ya fahali, naye fahali hurejea zizini salama. Haukufa kwa kukosa mtalii. Basi si kweli kwamba mila haiwezi kuishi ila kwa fedha ya mgeni. Mila huishi kwa kuhitajiwa na watu wake.

Twajua pia kuwa wako masheikh wetu ambao hawauridhii Mwaka Kogwa kabisa, kwa yale mambo ya moto na ya kuutazama moshi. Sisi tulisoma chuoni kwa walimu wa namna hiyo, na heshima yetu kwao haikupungua. Hapa si mahali pa kutoa fatwa, wala sisi si wenye kuitoa. Lakini twasema neno moja ambalo sheikh na mwenye mila wote watalikubali. Ikiwa jambo hili litaachwa, na liachwe na watu wa Makunduchi wenyewe kwa kusadiki kwao. Ikiwa litabaki, na libaki kwa kutaka kwao. Lisibakishwe kwa nguvu na ofisi ya utalii kwa sababu lina faida, wakati wenyewe wamekwisha kulitilia shaka. Dini ya watu na mila yao si bidhaa ya kuwekwa rafuni na mtu wa tatu.

Basi twataka nini? Tusije tukaambiwa kuwa wapinzani hujua kulaumu tu.

Kwanza, mgeni wa Mwaka awe mgeni wa nyumba. Kanuni hii ipo tayari, waliiweka wazee, haihitaji kutungwa na mtaalamu. Wazee wa Makunduchi na waandike nyumba zilizo tayari kupokea, na mtembezaji ye yote aletaye watalii siku hiyo awapeleke kwanza katika nyumba hizo, wale, waketi, waambiwe maana ya watakachokiona. Malipo ya chakula hicho yaende kwa aliyepika. Mtalii aliyekula mkononi mwa mama wa nyumba hatamsukuma mama huyo kesho ili apate picha yake.

Pili, uwe na kamati yake Makunduchi kwenyewe, itakayochaguliwa na watu wa pande zote mbili, kaskazini na kusini, wanawake wakiwemo kwa haki na si kwa hisani, kwani nusu ya Mwaka ni nyimbo zao. Kamati hiyo ndiyo itakayosema watazamaji wasimame wapi, nini kipigwe picha na nini kisipigwe, na mavazi gani yafaa kwa mtu aingiaye katika mji wa Waislamu.

Tatu, fedha yo yote itakayotozwa kwa jina la Mwaka, iwe ni ada ya magari, ya picha au ya matangazo, hesabu yake isomwe hadharani, palipo na watu, shilingi kwa shilingi. Kisima, skuli na kituo cha afya viko pale pale, na kila mtu ataona kama fedha imefika au imepotea njiani.

Nne, siku ya Mwaka isisogezwe kwa ajili ya mtu ye yote, wala moto usiwashwe mara mbili.

Tukimaliza kudai, tujiulize na sisi wenyewe. Wanachama wangapi wa chama hiki wanajua leo ni mwongo wa ngapi? Wangapi wanawafundisha watoto wao hesabu hiyo? Sisi wauza kanga, ni mara ngapi tumeuza kanga pasi na kujua jina lake wala maana yake, mradi mgeni amelipa? Na wako miongoni mwetu waliouza viwanja vya ufukweni vya wazee wao kwa bei ya pikipiki, na leo hulalamika kuwa hawana njia ya kufika pwani kuvuta ngalawa zao. Serikali ina makosa yake, nasi hatutachoka kuyataja. Lakini mlango wa nyumba haukufunguliwa na Serikali peke yake. Yuko na wa ndani aliyeondoa komeo.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno hili lina pande mbili, na watu wengi hulisoma upande mmoja tu. Mgeni amekuja, twamwona, na magari yamejaa njia nzima. Upande wa pili ndio tunaouuliza: mwenyeji amepona? Mama aliyeamka alfajiri siku ya Mwaka akapika, akafagia ua, akatandika mkeka na kungoja, jioni ile alikunja mkeka wake akiwa amekula na mgeni, au aliukunja mtupu?

Julai ijayo tutakwenda tena Makunduchi, inshallah. Kanga zetu tutaziacha dukani siku hiyo. Tutabisha hodi katika nyumba moja, tukaribishwe kama desturi ilivyo, nasi twawaomba wanachama wetu wa Mjini wafanye vivyo hivyo, kila mmoja na nyumba yake, ili mwaka huo isipatikane nyumba ya Makunduchi iliyokaa bila ya mgeni. Hilo hatuhitaji ruhusa ya mtu kulitenda, wala kungoja uchaguzi.

Wabillahi tawfiq.